Osiris, Tamuzi na wenzao: je, walifufuka kabla ya Pasaka ya kwanza?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katekista msaidizi, nafundisha vijana wa kipaimara. Jumapili iliyopita kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akasoma kwenye simu yake orodha ya miungu ya kale: Osiris, Horus, Tamuzi, Adonis, Attis, Mithra. Orodha inasema wote walizaliwa na bikira, wote walikufa, wote walifufuka siku ya tatu, na kwamba habari za Yesu zimenakiliwa kutoka kwao. Wenzake wakanigeukia mimi, nikakosa la kusema. Naomba unieleze bila kunificha: ni kweli hadithi za ufufuo zilikuwapo kabla ya Ukristo? Na kama zilikuwapo, niwaambie nini vijana wangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kubanwa mbele ya wanafunzi. Hadithi hizi nimeishi nazo miaka mingi, na huniuma nikiona zimebanwa zikawa mistari sita ya simu. Kila moja ina mji wake, mto wake na mama au mke anayelia. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza jibu lenyewe. Ndiyo, zilikuwapo, na nyingine ziliandikwa miaka elfu mbili na zaidi kabla ya Kristo. Na orodha ya kijana wako ni ya uongo. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Orodha imechukua hadithi za kweli ikazikata kichwa na miguu ili zilingane.

Kabla hatujaingia ndani, nataka utumie silaha uliyo nayo tayari, yaani Kiswahili chako. Sisi hatusemi neno moja tu kwa mambo haya. Mtu aliyezimia akaamka, tunasema amezinduka. Aliyekwenda mbali akaonekana tena, amerudi. Aliyekufa akainuka, amefufuka, na kama yuko aliyemwinua, basi amefufuliwa. Orodha ya simu imemwaga maneno hayo yote katika neno moja. Ukisoma kila hadithi ukiuliza nani alikufa, mwili wake ulikuwa wapi, nani alimwinua, na akarudi kuishi wapi, utaona jinsi zinavyotengana.

Nianze na ninayoipenda kuliko zote, ya Wasumeri, waliokaa kusini mwa Iraki ya leo. Nakala nyingi tulizonazo ziliandikwa karibu mwaka 1750 K.K., kwa alama za kabari zilizokandamizwa kwenye vibao vya udongo mbichi, na nyingi zilichimbuliwa katika mji wa Nippur. Hadithi ni shairi la mistari mia nne hivi. Inanna, mungu mke wa mapenzi na vita, anaamua kushuka kuzimu, kwa dada yake Ereshkigal anayetawala huko. Anajipamba kama malkia: taji kichwani, shanga za jiwe la buluu shingoni, pete ya dhahabu mkononi, joho la kifalme mwilini. Anamwagiza mjumbe wake, Ninshubur, kwamba asiporudi apige ngoma ya msiba na kwenda kumwombea kwa miungu wakubwa.

Kuzimu kuna malango saba. Katika kila lango anavuliwa kitu kimoja. Langoni pa kwanza taji, la pili shanga, na kuendelea hivyo hivyo. Kila mara anauliza, hii ni nini? Na kila mara anajibiwa anyamaze, kwa maana sheria za kuzimu hazina kasoro na haziulizwi. Lango la saba anavuliwa joho. Anafika mbele ya dada yake uchi, ameinama. Waamuzi saba wanamtazama kwa jicho la mauti, naye anakuwa maiti, na maiti hiyo inatundikwa kwenye kulabu, kama nyama buchani.

Siku tatu na usiku tatu zinapita. Ndiyo, mwanangu, siku tatu zimo, na usimfiche kijana wako jambo hilo. Ninshubur anakwenda kwa Enlil kule Nippur, anakataliwa. Anakwenda kwa Nanna kule Uru, anakataliwa. Kule Eridu, Enki anamhurumia. Anakwangua uchafu chini ya kucha yake, anafinyanga viumbe wawili wadogo, mmoja anampa chakula cha uzima na mwingine maji ya uzima. Wanapenya milangoni kama nzi. Wanamkuta Ereshkigal akiugua kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Anasema, aa, tumbo langu! Nao wanaitikia, aa, tumbo lako! Malkia wa kuzimu hajawahi kuonewa huruma na mtu. Anataka kuwazawadia mto mzima wa maji, shamba zima la nafaka. Wanakataa. Wanaomba ile maiti iliyo kwenye kulabu. Wanainyunyizia chakula na maji ya uzima, na Inanna anainuka.

Hapo orodha ya simu ingeishia. Shairi lenyewe linaendelea, na nguvu yake yote iko mbele. Waamuzi wanamzuia: nani amewahi kupanda kutoka kuzimu akiwa mzima? Akitoka, lazima atoe mtu wa kushika nafasi yake. Anapanda akiwa amezungukwa na askari wa kuzimu, ambao hawali, hawanywi, wala hawahongeki. Wanamtaka Ninshubur, naye anakataa kwa sababu Ninshubur amemlilia. Wanawataka wengine wawili waliovaa matambara ya msiba, anakataa. Kisha wanafika Uruk, na hapo yuko Dumuzi, mume wake, ameketi kwenye kiti cha enzi, amevaa nguo za fahari, hana habari na msiba. Inanna anamtazama kwa jicho lile lile alilotazamwa yeye. Mchukueni, anasema.

Huyo Dumuzi ndiye Tamuzi wa orodha yako. Wataalamu wa kwanza hawakuujua mwisho huu, kwa sababu vibao vilikuwa vimevunjika na vipande kutawanyika. Nusu ya kibao kimoja ilikuwa Istanbul na nusu yake nyingine Philadelphia. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba mungu mke alishuka kuzimu kwenda kumwokoa mpenzi wake na kumfufua, na vitabu vikajaa habari hiyo. Samuel Noah Kramer, aliyetumia maisha yake kuunganisha vipande hivyo, alipochapisha mwisho wa shairi mwaka 1951, ikaonekana kwamba kinyume chake ndicho kilichoandikwa: Inanna hakumtoa mumewe kuzimu, alimpeleka. Watu wakasema basi Tamuzi hakufufuka kamwe. Baadaye kibao kingine kutoka Uru kikasomwa vizuri, na humo Inanna anamwambia Dumuzi: wewe nusu ya mwaka, na dada yako nusu ya mwaka. Dada yake, Geshtinanna, amekubali kushuka zamu kwa zamu badala ya kaka yake. Mwaka 1966 Kramer alijisahihisha mbele ya dunia nzima. Namheshimu sana kwa hilo.

Kwa hiyo Tamuzi anapanda kila mwaka, na kila mwaka anashuka tena. Ni kupokezana zamu. Malisho yanapokauka wakati wa joto kali, wanawake wanamlilia, na kilio hicho kilifika hadi Yerusalemu. Fungua Ezekieli 8:14, maono ya karibu mwaka 592 K.K. Nabii anaonyeshwa wanawake wameketi kwenye lango la kaskazini la Hekalu, wakimlilia Tamuzi. Hata leo nchini Iraki na Syria mwezi wa Julai unaitwa kwa jina lake. Na katika shairi la baadaye la Waashuru, ambamo Inanna anaitwa Ishtar, mistari ya mwisho inasema kwamba siku Tamuzi atakapopanda, pamoja na wanaume na wanawake wanaomlilia, wafu nao wapande wanuse ubani. Kila nikisoma mstari huo nakumbuka kwamba sisi nasi tukienda msibani tunatoa ubani, ingawa wetu ni fedha za rambirambi.

Misri ni habari nyingine kabisa. Osiris ni mfalme mwema anayeuawa na ndugu yake Seth. Masimulizi marefu na kamili tuliyo nayo hayakuandikwa na Mmisri. Yaliandikwa na Mgiriki Plutarch, karibu miaka mia moja baada ya Kristo. Yeye ndiye anayesimulia sanduku lililotupwa mtoni, safari ya Isis hadi Byblos, na mwili uliokatwa vipande 14 ambavyo Isis alivikusanya vyote isipokuwa uume, uliokwisha kuliwa na samaki. Lakini hadithi yenyewe ni ya zamani mno. Ndani ya piramidi ya mfalme Unas kule Saqqara, ya karibu mwaka 2350 K.K., kuta zimejaa maneno yaliyochongwa, na mfalme aliyekufa anaambiwa kwamba hakuondoka akiwa mfu, ameondoka akiwa hai. Anaitwa Osiris, anaambiwa ajiinue.

Tazama sasa mwili wa Osiris ulikwenda wapi. Isis na dada yake Nephthys wanautafuta, wanauunganisha, wanaulilia. Osiris anapata uhai tena, lakini harudi kwenye kiti chake cha enzi. Hali mkate na rafiki zake. Anakuwa mfalme wa wafu, mkuu wa hao walioko magharibi, na mwanawe Horus ndiye anayetawala walio hai. Hapa Kiswahili kinasita, nami nasita nacho. Ukisema amefufuka, Mmisri angekubali kwa furaha. Ukisema amerudi, angetikisa kichwa.

Nikwambie jambo moja ambalo limenikaa moyoni tangu nilipolisoma nikiwa mwanafunzi. Mwaka 1922 Howard Carter alifungua kaburi la Tutankhamun, aliyezikwa karibu mwaka 1323 K.K. Kati ya vitu vya dhahabu ambavyo kila mtu amewahi kuona picha zake, kulikuwa na kitu cha hali ya chini kabisa: fremu ya mbao iliyochongwa kwa umbo la Osiris, ikajazwa tope la Mto Naili, ikapandwa nafaka, ikamwagiwa maji, kisha ikafungwa kwa sanda ya kitani. Nafaka ile iliota mle mle gizani, kaburini. Miche ilichomoza kutoka mwilini mwa mungu, halafu ikakauka, ikabaki hivyo zaidi ya miaka elfu tatu. Tope lenyewe lililetwa na mafuriko kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Hakuna mtu aliyekusudia kuiona miche hiyo. Iliwekwa kwa ajili ya marehemu peke yake, ili kilichompata Osiris kimpate na yeye.

Na hapo ndipo ulipo uzito wa imani ya Wamisri. Mwanzoni mfalme tu ndiye aliyeitwa Osiris akifa. Baadaye karani, mkulima, mama wa nyumbani, kila aliyezikwa kwa taratibu aliandikwa Osiris fulani. Huko Abydos watu walikusanyika kila mwaka kuigiza mauti ya mungu wao. Ofisa mmoja aitwaye Ikhernofret, aliyetumwa na mfalme Senusret III katika karne ya 19 K.K., ameacha jiwe lenye maandishi, ambalo sasa liko Berlin. Anaeleza jinsi alivyosimamia maandamano, jinsi maadui wa Osiris walivyopigwa, jinsi mungu alivyosindikizwa kaburini na kurudishwa hekaluni kwa shangwe. Wanaoishi karibu na makanisa yanayoigiza Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu hawatashindwa kuelewa kwa nini umati ule ulilia na kushangilia.

Sasa twende Syria. Mwaka 1928 mkulima mmoja karibu na pwani ya bahari ya Mediterania aligonga jiwe la kaburi kwa jembe lake la kukokotwa. Mwaka uliofuata Mfaransa Claude Schaeffer akaanza kuchimba, ukatokea mji wa Ugarit, ulioangamia karibu mwaka 1185 K.K. Humo vilikutwa vibao sita vya karani Ilimilku vinavyosimulia habari za Baali, yule yule Baali ambaye Eliya alipambana na manabii wake mlimani Karmeli. Tulikuwa tumemsikia kwa adui zake tu. Sasa tulisikia kwa waliompenda.

Baali, mwenye mvua na radi, anamezwa na Mauti, ambaye kwa lugha yao anaitwa Mot. Habari zinapomfikia El, mkuu wa miungu, anashuka kwenye kiti chake, anaketi chini, anajimwagia vumbi kichwani. Anath, dada yake Baali, anazunguka milimani kumtafuta. Kibao kinasema kwamba moyo wa Anath kwa Baali ulikuwa kama moyo wa ng'ombe kwa ndama wake, kama wa kondoo kwa mwanawe. Anamkuta, anambeba begani, anamzika katika mlima Safoni. Kisha anamshika Mauti, anampasua kwa upanga, anampepeta kwa ungo, anamchoma kwa moto, anamsaga kwa jiwe, anamtawanya shambani. Yaani anamfanyia Mauti yale yote yanayofanyiwa nafaka. Halafu El anaota ndoto: mbingu zinanyesha mafuta, mabonde yanatiririka asali. Anaamka anacheka, anasema Baali yu hai.

Mahali penyewe pa kurudi kwake kibao kimevunjika, hatuoni anavyoinuka. Lakini anarudi, anaketi enzini, na baada ya miaka saba Mauti naye anarudi kupigana naye. Hakuna aliyeshinda moja kwa moja. Kwa watu waliotegemea mvua, ukame ulikuwa adui ambaye hafi.

Hosea, nabii wa karne ya 8 K.K., aliishi kati ya watu waliomlilia Baali mvua, na ndani ya kitabu chake kuna maneno haya, sura ya 6 mstari wa 2: baada ya siku mbili atatufufua, siku ya tatu atatuinua. Wako wataalamu wanaosikia hapo lugha ya nyimbo za Baali ikigeuzwa na kuelekezwa kwa Mungu wa Israeli. Mimi naona wana hoja. Ila angalia ni nani anayefufuliwa: Mungu hafi hapo, watu ndio wanaoinuliwa.

Waliobaki kwenye orodha yako hawatuchukui muda mrefu. Adonis, kijana aliyeuawa na nguruwe mwitu, alililiwa na wanawake wa Ugiriki tangu zama za mshairi Sappho, karibu mwaka 600 K.K. Walipanda mbegu kwenye vyungu, wakaviweka juu ya mapaa. Miche iliota haraka, ikanyauka haraka kwa jua, wakaitupa majini pamoja na sanamu zake. Ni maombolezo matupu. Anayesema kwamba kesho yake walitangaza Adonis yu hai ni Lucian, naye aliandika katika karne ya 2 baada ya Kristo. Attis wa Frigia ni mwenzake. Ibada ya Cybele, mungu mke anayeambatana naye, iliingia Roma mwaka 204 K.K., lakini sikukuu ya furaha ya tarehe 25 Machi tunaiona kwenye kalenda ya mwaka 354 B.K. Katika masimulizi ya Arnobius, aliyeandika karibu mwaka 300 B.K., Attis hafufuki kabisa. Zeus anakubali tu mwili wake usioze, nywele ziendelee kukua, na kidole kidogo kimoja kiendelee kucheza. Mithra wa Warumi hana hata kifo. Katika sanamu zake anatoka mwambani akiwa amekwisha kukua, anamchinja fahali, basi.

Anayelaumiwa kwa kuwapanga wote hawa mstari mmoja ni James Frazer, Mskoti mwenye elimu kubwa, ambaye kuanzia mwaka 1890 alieneza wazo la mungu anayekufa na kufufuka kama mimea. Nami nilifundishwa hivyo nikiwa kijana, nikakariri. Mwaka 1987 Jonathan Z. Smith wa Chicago alilishambulia wazo hilo, akaonyesha kwamba miungu wengine wanakufa bila kurudi, wengine wanarudi bila kufa. Wengi wakadhani mambo yamekwisha. Mwaka 2001 Tryggve Mettinger wa Lund, Sweden, akapitia ushahidi upya, akasema hapana, wako waliokufa na kurudi kabla ya Ukristo: Dumuzi, Baali, na Melqart, mungu wa mji wa Tiro. Na mtaalamu huyo huyo akasema hakuona dalili kwamba habari za ufufuo wa Yesu zilitungwa kutokana na hao. Mimi nasimama karibu na Mettinger. Smith alifanya kazi ya lazima ya kufagia, lakini alifagia na vilivyokuwa vyema.

Basi wazo la ufufuo walilokuwa nalo Petro na Maria Magdalena lilitoka wapi? Hapa nakuomba utulie, kwa sababu ndipo orodha ya simu ilipokosea zaidi. Inatafuta miungu, kumbe jambo lenyewe lilikuwa limelala nyumbani mwao. Katika Biblia ya Kiebrania Eliya anamrudishia mjane wa Sarepta mwanawe. Elisha anajinyosha juu ya mtoto wa mama Mshunami, mdomo kwa mdomo, macho kwa macho, mpaka mwili unapata joto na mtoto anapiga chafya mara saba. Maiti iliyogusa mifupa ya Elisha inasimama. Hawa wote walikuwa watu, na wote walikufa tena baadaye. Bonde la mifupa mikavu la Ezekieli 37 linaeleza lenyewe kwamba mifupa ile ni nyumba ya Israeli, taifa lililokata tamaa uhamishoni.

Mambo yaligeuka katika karne ya 2 K.K., mfalme Antioko IV alipowaua Wayahudi kwa kushika sheria yao. Hapo swali likawa chungu: Mungu mwenye haki atamlipa nini aliyeuawa kwa ajili yake? Danieli 12:2, mstari ambao wataalamu wengi wanauweka kwenye miaka hiyo, unasema wengi wa walalao mavumbini wataamka. Na katika sura ya 7 ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho ninyi Wakatoliki mnacho, ndugu saba wanateswa mmoja baada ya mwingine mbele ya mama yao. Wa tatu anaambiwa atoe ulimi, anautoa. Ananyosha mikono yake, anasema hivi nilivipata mbinguni, na kwa Mungu natumaini kuvipata tena. Hii haihusu mvua wala shayiri. Huyu ni kijana anayedai mikono yake. (Wako wanaosema Wayahudi walijifunza jambo hili kwa Waajemi, na kweli Mgiriki Theopompus, katika karne ya 4 K.K., alishasimulia kwamba makuhani wa Uajemi wanafundisha kuwa watu wataishi tena. Majirani hao waliishi pamoja miaka mia mbili, kwa hiyo sishangai.)

Ndiyo maana Martha, Yesu anapomwambia ndugu yake atafufuka, anajibu bila kusita: najua ya kuwa atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho. Alikuwa ameshafundishwa nyumbani. Masadukayo walikataa, Mafarisayo walikubali, na Paulo alijua kuwagombanisha kwa neno hilo moja. Jipya la wafuasi wa Yesu lilikuwa kusema kwamba lililongojewa siku ya mwisho, kwa watu wote, limemtokea mtu mmoja sasa, juzi, katika mji tunaoujua. Paulo alipowaandikia Wakorintho katikati ya miaka ya 50, alitaja majina ya waliomwona na kusema wengi wao bado wako hai. Hadithi ya Inanna haina majirani wa kuulizwa. Na Paulo huyo huyo alipotaja ufufuo wa wafu pale Athene, mji uliowajua Adonis na Attis, wengine walimcheka. Kama lingekuwa jambo la kawaida kwao, wangecheka nini?

Hata hivyo usikimbilie kusema hakuna kabisa linalofanana. Justin, Mkristo aliyeandika huko Roma karibu mwaka 155, aliwaambia wapagani waziwazi kwamba mambo tunayosema juu ya Yesu si mageni kwenu mnaosimulia wana wa Zeus. Paulo mwenyewe alichukua mbegu kuwa mfano: uipandayo haihuiki isipokufa. Aliyepanda shayiri kwenye fremu ya Osiris angeelewa mstari huo mara moja, bila mkalimani. Mkulima wa popote anaona mbegu ikioza na kuchipua, halafu anamkumbuka aliyemzika. Kufanana kwa namna hiyo sikuiti wizi. Na kama Yesu alifufuka kweli au la, swali hilo vibao vya udongo haviwezi kulijibu upande wowote, na mwanahistoria anayekuambia vinajibu amevuka mpaka wake.

Jumapili, mwanangu, usimfokee kijana yule. Mshukuru, kwa maana ameleta swali ambalo wengine wanaliogopa. Kisha mwombe achague jina moja tu kwenye orodha yake, na mwulize: limeandikwa wapi, na mwaka gani? Nadhani atachagua Horus, kwa sababu ndiye anayetajwa sana. Mwambie kwamba Horus hakuzaliwa na bikira, mahekalu ya Misri yana michoro ya Isis akiwa mwewe juu ya mwili wa mumewe, akimpata mtoto huyo. Tarehe 25 Desemba haikuwamo kwenye kalenda yao. Msalaba hakuujua, wala siku ya tatu hana.

Usimwache na mikono mitupu lakini, kwa sababu Horus ana hadithi yake. Imechongwa kwenye jiwe jeusi la zama za mfalme Nectanebo II, karne ya 4 K.K., lililoko sasa katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Isis amemficha mtoto kwenye vinamasi vya Delta, akaenda kuomba chakula kama maskini. Anaporudi anamkuta mwanawe ameumwa na nge, amelegea, hana kauli. Analia kwa sauti inayofika mbinguni, na mashua ya jua inasimama pale pale, haisongi mbele hata hatua. Thoth, mungu wa hekima, anashuka kutoka kwenye mashua, anaiamuru sumu itoke, na kusema kwamba jua halitaondoka mahali lilipo mpaka Horus apone kwa ajili ya mama yake. Mtoto anapata pumzi. Mawe ya namna hii yalimwagiwa maji, na wazazi walioumwa watoto wao na nge waliyakinga maji hayo na kuwanywesha. Msomee hiyo, kisha waulize vijana wote: huyu mtoto amezinduka, amefufuka, au amefufuliwa?